Toa Mmoja

Jua la Jumamosi lilikuwa linataka kuzama, na Rénovat alikuwa anapita Bwiza kwa kunyata ili mama yake asimwone.

Watu wa aina hiyo mnawajua. Mwanamume mzima, ndevu zimechongwa vizuri, viatu vinang'aa, lakini mtaa aliozaliwa anaupita ameukumbatia ukuta kama mwizi wa kuku. Ofisini kazi yake ni kugonga muhuri kwenye karatasi ambazo mwingine amekwisha kuzisoma. Amehamia Nyakabiga, karibu tu, unafika kwa miguu kabla jasho halijakutoka, ila ukimsikia anavyotamka "kule Bwiza" utafikiri anazungumzia nchi nyingine. Jioni hiyo alikuja kwa sababu moja. Binamu yake aliyeko Brussels alikuwa amemtumia kamera mpya kupitia kwa mwenye duka mmoja wa pale, na sasa alikuwa ameitundika shingoni, juu ya koti, ili kila mtu aione isipokuwa mama yake.

Mama huyo, Jovithe, alikuwa anauza ndagala pale kwenye kona, vile visamaki vidogo vya ziwani vinavyokaushwa juani. Meza aligawana na Fadhila, muuza mchele. Ndagala hizo ndizo zilizomlisha Rénovat, zikamvisha, zikamsomesha mpaka akapata huo muhuri wake, na sasa bwana mkubwa hawezi kuvumilia harufu yake. Loo, binadamu!

"Reno!"

Akajifanya kiziwi.

"Reno we! Fadhila, ule si mutoto wangu ule?"

"Ni yeye, Mama Reno," Fadhila akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabara ya pili. "Ila leo amevaa jicho shingoni. Labda ndiyo maana yale mawili ya kichwani hayatuoni."

Watu wakacheka. Ikabidi asimame. Mama akafuta mikono kwenye kitenge chake, akamsogelea.

"Ni kamera hiyo?"

"Ni kamera, mama."

"Basi unipige nami. Moja tu. Mi na we hatuna foto hata moja, Reno. Siku nikikufa, watabeba nini mbele ya sanduku?"

Kumpiga mama picha moja kungempunguzia nini? Ni kubonyeza kidole. Lakini alitazama zile kandambili, akatazama meza, akawatazama wale waliokuwa wanacheka, akaona aibu.

"Kesho, mama. Saa hii mwanga hakuna."

"Kesho wapi?"

"Kesho tunaenda ziwani na Nella na wazazi wa..." Akajiuma ulimi.

Kachelewa. Mama alikuwa ameshapiga makofi. "Ziwani! Na wakwe! Basi nami nakuja. Kesho, eh? Umesema mwenyewe."

"Wallahi amesema," Fadhila akashuhudia. "Nimesikia kwa masikio yangu."

* * *

Sasa niwaeleze safari hiyo ilikuwa ya nini, maana haikuwa ya kula samaki. Rénovat alikuwa anamtaka Nella. Nella naye alikuwa anamtaka Rénovat, Mungu ndiye anajua kwa nini. Aliyekuwa hajataka ni baba yake, Mzee Callixte wa Mutanga Sud, mtaa wa wakubwa, mwalimu mstaafu wa chuo kikuu, mtu wa kukutazama juu ya miwani kana kwamba anasahihisha mtihani wako. Kila akiulizwa habari ya posa alijibu, "Bon, tutaona." Mkewe, Patricia, hakuwa anaongeza wala kupunguza. Kwa hiyo Rénovat akapanga: Jumapili nzima kando ya ziwa, samaki, vinywaji, na kamera mpya. Atawapiga picha mpaka wakiri wenyewe kwamba huyu ni kijana wa maana.

Na katikati ya mpango huo akashuka mama yake, na kandambili zake, na mfuko wa ndagala za zawadi.

"Ah, ndagala," Patricia akasema, akaupokea mfuko kwa vidole viwili.

Nella ndiye aliyemkumbatia. "Mama Reno, karibu sana. Uketi hapa karibu na mi."

Siku ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Ziwa limetulia, milima ya Kongo inaonekana vizuri kule ng'ambo, mukeke, wale samaki wa ziwa hilo, wanageuzwa juu ya makaa, muziki wa polepole. Na Rénovat anapiga picha. Alipiga samaki kabla hawajaliwa, akapiga mifupa baada ya kuliwa. Alilala kifudifudi mchangani na suruali yake nyeupe ili apige kiatu cha Patricia. Akashika kidevu, akafumba jicho moja, akasema "la lumière, la lumière," yaani mwanga, mwanga, maneno aliyoyaokota sijui wapi. Ungemwona ungemwonea huruma, kama si kwamba alijipenda mno.

Na kila akiinua kamera:

"Mama, sogea kidogo."

"Mama, hebu tushikie mufuko huu."

"Mama, hii ni ya vijana, we subiri."

Mama anasogea. Anasogea tena. Hakukasirika hata mara moja. Alijiweka kitenge sawa, akajipangusa uso, akawa anatabasamu na kusubiri zamu yake. Kufika jioni alikuwa amesogezwa mpaka akawa amesimama karibu na pipa la takataka.

Jua likaanza kushukia milima ya Kongo. Kwa mbali kiboko akakoroma majini. Mlinzi wa pale akapuliza filimbi kuwaambia watu waondoke ufukweni, maana saa hizo viboko hutoka kuja kula majani. Watu wakaanza kukusanya vitu vyao. Na Rénovat bado hakuwa na ile picha aliyoitaka kuliko zote: yeye na wakwe, wote pamoja, ya kutundikwa ukutani Mutanga Sud.

"Niwapige wote?"

Sauti ilitoka nyuma yake. Ya chini... karibu kabisa na sikio.

Akageuka. Alikuwa mzee mwembamba, amevaa kizibao chenye mifuko mingi, kama walivyokuwa wanavaa wapiga picha wa zamani wa pale ziwani, kabla simu hazijawanyang'anya kazi. Shingoni alikuwa na mkanda wa kamera. Mkanda tu. Hakukuwa na kitu kinachoning'inia, na bado mkanda ulikuwa umevutika kwenda chini, umemkaza shingo, kana kwamba umebeba kitu kizito.

Na harufu... Ile dawa kali ya kusafishia picha, imechanganyika na matope.

Huyu Rénovat, ambaye mchana kutwa alimkataza hata Nella kugusa kamera yake, alimkabidhi mtu huyo bila kumuuliza jina. Callixte, Patricia na Nella wakajipanga, ziwa nyuma yao. Mzee akaweka jicho kwenye kamera. Kisha akamwita Rénovat kwa kidole.

"Mumekuwa wengi," akanong'ona. "Haiingii. Toa mumoja."

Watu watano! Na uwanja wote ule mtupu! Mtu mwenye akili timamu angemwambia, mzee, si urudi nyuma kidogo? Lakini akili za Rénovat zilikuwa kwenye mwanga unaoisha, na moyoni alifurahi kwamba kuna mtu amempa sababu.

"Toa mama," akasema.

"Mama yupi?"

"Yule wa kandambili. Pale kwenye pipa."

"Ni mama ya nani?"

Akatazama kama wakwe wanasikia. Akashusha sauti. "Ni wangu."

"Na ni we mwenyewe unamutoa?"

"Si nimekwambia? Mutoe! Mwanga unaisha."

"Nikimutoa, we unataka nini?"

"Foto nzuri."

Mzee akaondoa jicho kwenye kamera, akamtazama. "Foto tu?"

"Foto nzuri, basi! Unauliza sana, mzee."

Yule mzee akacheka kidogo, kwa puani, akarudisha jicho lake kwenye kamera.

Hapa ndipo ninapomdharau huyu mtu kuliko pengine pote. Habari za watu wanaotoa ndugu zao kafara tunazisikia. Fulani alimtoa mdogo wake, akajenga ghorofa. Fulani alimtoa mtoto, leo ana malori. Ni mashetani, lakini wanajua wanachotoa na wanajua wanachotaka. Rénovat alimtoa mama yake ili apate foto. Na alilitamka neno hilo kwa mdomo wake mwenyewe, tena kwa kufoka, akidhani wanaongea habari ya nani asimame wapi. Ptu!

Akakimbia kujipanga. Na pale mstarini Nella alikuwa ameona mama amesimama peke yake, akaenda kumvuta mkono. "Apana, Mama Reno aje hapa katikati." Akamwekea mkono mabegani. Mama akanyoosha shingo, akatabasamu. Zamu yake ilikuwa imefika.

"Musitikisike," alisema mzee.

Muziki ukakatika.

Filimbi ya mlinzi ikakatika.

Hata yule kiboko akanyamaza.

Kacha.

Haikuwa sauti ya kamera. Ilikuwa sauti ya kitasa, mlango unapofungwa kwa nje.

Kisha muziki ukarudi, watu wakaendelea na mambo yao. Kamera ilikuwa shingoni mwa Rénovat, imelowa, na hakumbuki kurudishiwa. Mzee hakuwepo. Akaipangusa, akawasha kioo. Aisee... ile picha! Ziwa lilikuwa la dhahabu, Mzee Callixte ameonekana mpole, Patricia kijana, na yeye mwenyewe, Rénovat, amependeza kuliko alivyowahi kupendeza.

Halafu akauona mkono wa Nella. Umeinuliwa, umekunjwa kwenye kiwiko, vidole vimeshika bega. Bega lenyewe halikuwepo. Kati ya Nella na yeye kulikuwa na maji tu.

Akainua macho. Mama alikuwepo, palepale, chini ya mkono wa Nella, anacheka.

Akatazama kioo.

Hayupo.

Nella akaushusha mkono wake. Akautazama, akautikisatikisa kama uliokufa ganzi, akaenda zake bila kumsemesha mama.

"Tuko wote?" Mzee Callixte aliuliza akiwasha gari.

"Tuko wote wanne," Patricia akajibu.

Mama akacheka, akidhani ni utani. Alikuwa ameketi kiti cha nyuma, katikati. Nella akauweka mkoba wake juu ya mapaja ya mama, hivyo hivyo, kama mtu anavyoweka mkoba kwenye kiti kitupu. Mama akaushika usianguke. Hakucheka tena. Walipokaribia mjini akasema polepole, "Reno, nasikia baridi."

Hakuna aliyegeuka. Rénovat alisikia. Na aligundua jambo lingine: ndani ya gari lile, vioo vimefungwa, hakukuwa na harufu ya ndagala hata kidogo. Na kwa siri, huko ndani ndani, alishukuru.

* * *

Picha ile ilifanya kazi yake. Mzee Callixte aliitazama kupitia miwani, kisha juu ya miwani. "Voilà," akasema. "Hii ni familia." Akaagiza itengenezwe kubwa, ikatundikwa sebuleni. Yule yule wa "tutaona" sasa akawa anauliza wazee wa Rénovat watakuja lini kutoa mahari. Rénovat aliposikia neno hilo, kutoa, aligeuza uso asiitazame ile picha.

Jioni moja akaenda Bwiza kumpelekea mama habari njema. Safari hii hakunyata, maana mtu mwenye habari njema hana aibu. Alikuta mchele wa Fadhila umetandazwa meza nzima. Mama alikuwa ameketi nyuma yake, mikono magotini, beseni lake la ndagala chini, limejaa vilevile.

"Reno," akasema kwa sauti ndogo. "Hawanunui. Wananipita. Na Fadhila hanijibu. Nilimukosea nini?"

Rénovat akamgeukia Fadhila. "Fadhila, mumegombana na mama?"

"Mama nani?"

"Mama yangu. Huyu hapa nyuma yako."

Fadhila akageuka. Alitazama pale pale alipoketi mama, akapitisha macho, akayarudisha. "Astaghfirullah. We Reno, umekunywa? Nyuma yangu kuna ukuta."

"Mulikuwa mnagawana meza!"

"Meza hii ni yangu peke yangu toka zamani," alisema, lakini alisema kwa wasiwasi, mkono wake ukipapasa ule upande wa pili wa meza. "Usinichezee, mutoto. Magharibi inaingia."

Na mama, nyuma yake, akainua uso. Jua bado lilikuwa juu ya mabati.

"Reno... nani amezima taa?"

Rénovat akakimbia. Hakukimbilia kwa mama, hapana. Alitoka mbio mpaka barabarani, akapanda pikipiki, mpaka ziwani.

Mzee alikuwa amechuchumaa ukingoni, mgongo wake kwa watu, miguu majini. Mkanda ule mtupu ulikuwa umevutika mpaka ndani ya maji.

"Nirudishie mama yangu!" Rénovat alikuwa analia, na nadhani siku hiyo alilia kweli. "Mi nilisema umutoe kwenye foto!"

"Nami si nimemutoa kwenye foto?"

"Mzee, nakuomba..."

"Usipige kelele. Foto ni yako. Ukiifuta, mama anarudi saa ileile." Hakugeuka. "Lakini itafutika pote. Kwenye ukuta wa mukwe wako, na kwenye moyo wake. Watakuona vile walikuwa wanakuona."

"Na nisipofuta?"

"Mama anachoka. Angalia mukono wa ule binti. Ukishuka wote, basi. Usinitafute."

Akaitoa kamera mfukoni. Akaifungua ile picha. Ni kweli, mkono wa Nella ulikuwa umeteremka kidogo, kama vile mtu aliyeshikwa ameinama. Rénovat akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Kamera ikamuuliza kama ana hakika.

Simu ikalia.

"Reno!" Ilikuwa sauti ya Nella, inaruka kwa furaha. "Papa amesema Jumamosi! Jumamosi hii!"

Kidole kikaganda. Fikiria jambo dogo lile: bonyeza tu, mama yako apate joto, mambo mengine utayaona mbele. Lakini Rénovat alifikiri ule ukuta, ile sebule, ile "Voilà." Akajiambia, acha kwanza Jumamosi ipite. Mahari yakishapokelewa, nani atayarudisha? Nitafuta Jumapili asubuhi. Akaizima kamera.

"Kesho tu, mama," akanong'ona. Neno hilo alikuwa amelizoea.

* * *

Jumamosi sebule ya Mutanga Sud ilijaa pomoni. Wazee wa upande wa Rénovat walishuka kutoka milimani na fimbo zao, na hata mmoja hakumuulizia Jovithe. Nella alikuwa amevaa imvutano yake, vitambaa vile vya heshima, amependeza mpaka unasahau kupumua. Rénovat aliketi mbele na suti, kamera shingoni. Mkabala wake, juu ya kichwa cha Mzee Callixte, ilining'inia ile picha.

Hakutaka kuitazama. Akaitazama. Mkono wa Nella ulikuwa umefika kiunoni, vidole bado vimeshika, kama unavyomshika mtu aliyeketi chini.

Mama alikuwa ameketi chini.

Vinywaji vikapita, hotuba zikapita, ng'ombe zikatajwa. Mzee Callixte akasimama, uso umechangamka.

"Bon! Tumeona baba wadogo, tumeona marafiki. Lakini kijana hakuanguka kutoka mbinguni. Mama yake hatujawahi kumuona hata siku moja. Mulimuficha wapi? Mutoeni tumuone!"

Watu wakacheka. Makofi yakaanza, ya utani, ya sherehe.

"Mumutoe! Mumutoe! Mumutoe!"

Kule mlangoni, kati ya wageni, kulikuwa na mtu mwembamba mwenye kizibao, anapiga makofi polepole kuliko wengine. Harufu ya dawa ikaingia.

"Mumutoe! Mumutoe!"

Rénovat akawasha kamera magotini. Picha ikaja. Kidole kikakaa kwenye kitufe. Bado ilikuwa inawezekana. Mkono ulikuwa bado umeshika. Abonyeze tu, ukuta ubaki mtupu mbele ya watu wote, Mzee Callixte arudi kumtazama juu ya miwani, na huko Bwiza mwanamke mmoja ainuke kutoka sakafuni, akaulize nani amewasha taa.

Akamtazama Nella. Nella alikuwa anamtazama kwa upendo.

"Papa," akasema. "Mi sina mama. Mi ni yatima toka zamani."

Makofi yakakatika.

"Oo... pole, mwanangu," Patricia alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Na pale ukutani, mkono ukashuka.

Ulishuka polepole. Kwanza vidole vikafunguka, kisha kiganja, kisha mkono wote ukalala kwenye ubavu wa Nella, umetulia, kama vile haujawahi kumshika mtu. Hakuna aliyeona ila Rénovat. Lakini harufu waliisikia wote. Ndagala, kali, ile ya juani, ikajaa sebule nzima.

"Nani ameleta ndagala humu?" Patricia akaziba pua. Wakafungua madirisha. Wakatafuta jikoni, wakatafuta chini ya viti. Kizibao mlangoni kilikuwa kimeondoka.

* * *

Jumapili asubuhi alifuta, kama alivyoahidi. Picha ikazimika, ikarudi. Akafuta tena, ikarudi, mpaka kidole kikamuuma. Pale ukutani haikutikisika.

Walioana. Sherehe ilikuwa nzuri. Patricia amebadilisha mapazia na kuosha zulia, lakini ile harufu haiondoki chini ya ile picha, na wageni wake sasa wanapokelewa barazani. Nella mara nyingine husimama mbele ya picha, anajishika mkono wake wa kulia. "Reno, huu mukono unaniuma baridi. Siku ile nilikuwa nimemushika nani?" Rénovat humjibu kwamba hakuna mtu, walikuwa wanne. Kuhusu yule mzee, wengine pale ziwani husema zamani kulikuwa na mpiga picha aliyezama na kamera yake shingoni akimfuata kiboko. Wengine husema ni upuuzi. Mi sijui. Ninachojua ni kwamba Jovithe hakupata sanduku, wala msalaba, wala foto ya kubebwa mbele yake.

Bwiza Rénovat bado anapita akitoka ofisini, maana hakuna njia nyingine fupi. Bado anaukumbatia ukuta wa ng'ambo, ingawa hakuna tena wa kumkwepa. Jioni moja hivi karibuni, jua linataka kuzama, alikuwa amekwisha kuipita kona aliposikia.

"Reno..."

Sauti ndogo. Ya baridi.

"Reno we... Ile kesho haijafika?"

Akasimama. Kule ng'ambo Fadhila alikuwa ameketi peke yake kwenye ile meza ndefu. Mchele wake ulikuwa umetandazwa nusu moja tu. Nusu nyingine, bila kujua sababu, siku hizi anaiacha tupu. Alikuwa ameinua kichwa, amekunja uso, anasikiliza.

"Reno!" akamwita. "Na we umesikia? Kuna mutu anakuita."

"Apana," Rénovat akajibu. "Sijasikia kitu." Akashika njia yake, ameubana ukuta.